Kiboko wako, mto wako, kitanda si chako!

WEWE kijana unayesoma ukurasa huu ukiwa umening'inia mlangoni mwa daladala ya Mbagala, au umeliazima gazeti kijiweni Manzese kwa sharti la kulirudisha, hebu nikuulize swali moja. Mto Rufiji ni wa nani?

Usikimbilie kunijibu kwamba ni mali ya Watanzania wote. Hilo ni jibu la mtihani wa uraia. Mimi nataka jibu la mfukoni. Maana mto huo unakujua wewe vizuri sana. Tangu Februari 2024 umeme wa Bwawa la Julius Nyerere unaingia katika gridi ya taifa, na sehemu yake inafika kwenye balbu ya chumba chako cha kupanga. Kambamiti wanaoliwa kwenye hoteli kubwa za mjini wanavuliwa kwenye delta yake. Boriti zilizoezeka nyumba za babu zetu wa Pwani zilikatwa kwenye mikoko yake. Mto unakujua. Wewe je, umewahi kulala kando yake hata usiku mmoja?

Kama kwenu ni Lindi au Mtwara, najua utasema umeuona. Umeuona kutoka dirishani, basi lilipovuka Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Ni daraja la karibu kilomita nzima, basi limelimaliza kabla hujameza andazi lako. Huko si kuuona mto. Huko ni kupita.

Mto wenyewe wenye sifa uko juu zaidi. Ukishuka Kibiti, shika njia ya kuelekea magharibi mpaka kijiji cha Mloka, kisha lango la Mtemere. Hapo unaingia Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019, yenye kilomita za mraba zaidi ya 30,000. Huko ndani, kando ya mto, wamejipanga wenye loji, au "kambi" kama wenyewe wanavyopenda kuziita. Ukisikia kambi usidhani ni kambi ya JKT.

Maisha ya huko ni haya. Alfajiri mhudumu anakuletea chai mpaka mlangoni mwa hema. Na hema lenyewe si turubai la wakimbizi. Ni chumba kilichosimamishwa juu ya jukwaa la mbao, kina kitanda kipana chenye chandarua kama cha bwana harusi, kina bafu na choo cha kuvuta maji, na kina baraza inayotazama mto. Jua likichomoza, boti inakusubiri. Mamba wamejilaza mchangani midomo wazi, viboko wanaguna kama wazee wa baraza, na furukombe ametulia juu ya mvumo mkavu. Baadaye unazungushwa kwa gari kwenye maziwa ya Manze, Nzerakera na Tagalala, ambayo mto wenyewe uliyaacha nyuma ulipobadili njia. Ukiwa na bahati unawaona mbwa mwitu, wanyama ambao sehemu nyingi za Afrika wamekwisha kabisa. Usiku, kiboko anapanda kula majani chini ya baraza yako, na ukitaka kwenda kula chakula, askari anakusindikiza kwa tochi.

Ni raha. Sikatai. Asikudanganye mtu eti hayo ni mambo ya Wazungu tu na Mwafrika hana haja ya kutazama wanyama. Huo ni uongo wanaotuambia ili tusiulize bei.

Haya, tuulize bei. Kambi za daraja la juu kando ya Rufiji zinadai mamia ya dola kwa mtu mmoja kwa usiku mmoja, na zilizo ghali zaidi hupita dola 1,000 katika miezi ya kiangazi. Ukiihesabu dola moja kwa Sh. 2,500, dola 1,000 ni Sh. milioni 2.5. Usiku mmoja. Mtu mmoja. Kweli, zipo kambi nafuu nje ya lango, na zipo zinazompunguzia bei mkazi wa nchi hii. Lakini punguza unavyotaka, mlalahoi anayeuza mitumba Karume hafiki hapo.

Sasa toka nje ya lango, uteremke na mto. Mkulima wa Rufiji naye ana jukwaa lake. Linaitwa dungu. Ni kijumba cha miti na makuti kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, na wakati wa mazao mwenye shamba hulala humo yeye na watoto wake, kufukuza nguruwe mwitu, nyani, viboko na tembo wasimalize mpunga na mahindi.

Yatazame majukwaa hayo mawili, kijana. Mto ni ule ule. Kiboko ni yule yule. Kuinuliwa kutoka ardhini ni kule kule. Mmoja amelipa mamia ya dola ili amsikie kiboko akiguna. Mwingine hapati usingizi kwa sababu kiboko akiguna karibu, chakula cha mwaka kimekwenda. Mmoja ana askari mwenye bunduki wa kumsindikiza hatua thelathini mpaka mezani. Mwingine ana debe la kugonga.

Nisikilize vizuri hapa, maana hili si suala la mazao peke yake. Kati ya mwaka 2002 na Aprili 2004, simba waliua watu zaidi ya 30 katika vijiji vya Rufiji. Simba mmoja watu walimpa jina la Osama. Alipouawa alikutwa na jipu kubwa chini ya jino. Watafiti waliochunguza vifo vya namna hiyo kusini mwa nchi walieleza jambo ambalo mkulima yeyote angewaambia bure: nguruwe mwitu anafuata mazao, simba anamfuata nguruwe, na mkulima yuko hapo hapo shambani usiku kwa sababu ya nguruwe. Simba akimkosa nguruwe, mtu yupo.

Na Serikali inasemaje mtu akiuawa na mnyamapori? Inasema pole, na inatoa kitu kinachoitwa kifuta machozi. Kanuni za mwaka 2011 zilipanga kifuta machozi cha Sh. milioni 1 kwa roho ya mtu. Piga hesabu mwenyewe. Milioni moja kwa dola ya Sh. 2,500 ni dola 400. Kwa fedha hiyo, kwenye kambi ghali ya kando ya mto, mtalii hamalizi hata usiku mmoja. Hata ukiizidisha mara mbili bado usiku haujaisha! Kwa maneno mengine, roho ya mkulima wa Rufiji ilipangiwa bei ndogo kuliko kitanda cha anayekuja kumtazama mnyama aliyemuua.

Hapo ndipo penye hoja yangu ya leo. Mwenye kambi ana haki ya kuchuma faida, kaweka mtaji wake. Mgeni naye ana haki ya kuburudika, ni fedha yake. Lakini mali inayouzwa pale si kitanda. Kitanda utakipata hata Keko kwa mafundi seremala. Kinachouzwa ni mto na wanyama. Na gharama ya kuwaweka hai wanyama hao kila usiku inalipwa na mtu wa kwenye dungu, ambaye jina lake halimo kwenye mkataba wowote. Huyo ndiye mbia wa kwanza wa biashara ile, na ndiye anayelipwa mwisho, akilipwa.

Wapo watakaosema: pori ni pori, watu hawakuwepo tangu zamani. Hao warudi darasani. Kando ya bonde hilo ndiko ilikoanzia Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Kinjikitile Ngwale alitoa maji yake Ngarambe, na Wajerumani wakamnyonga Mohoro mwezi Agosti mwaka huo huo. Kisha wakachoma mashamba na maghala. Njaa ikaua watu kuliko risasi, na nchi nzima ya kusini ikabaki magofu. Wanahistoria wameandika jinsi pori na wanyama walivyojaza mahali watu walipotoweka. Baadaye, katika miaka ya 1940, Waingereza waliwahamisha wengine kwa sababu ya malale, na bwana nyama wao aitwaye Ionides akaisukuma mipaka ya pori mbele. Pori unaloambiwa halijawahi kuguswa lina makaburi ya babu zako.

Lakini majina hayakuwa ya babu zako. Selous alikuwa mwindaji wa Kiingereza aliyepigwa risasi na Wajerumani Beho Beho Januari 1917, na kaburi lake liko huko huko. Korongo la mto likaitwa Stiegler, Mzungu aliyeuawa na tembo mwaka 1907. Mzungu mmoja akiuawa na tembo, anapewa korongo zima. Mrufiji akiuawa na tembo, mjane wake anapewa fomu ya kujaza.

Leo korongo lina bwawa na hifadhi ina jina la Mwalimu Nyerere. Tunashukuru kwa jina. Ila Mwalimu mwenyewe, wakati wa uhuru, ananukuliwa akisema kwamba yeye binafsi hana hamu ya kutumia likizo yake kutazama mamba, lakini anataka wanyama walindwe kwa sababu wataiingizia nchi fedha. Ona basi mambo ya dunia: mzee asiyetaka kutazama mamba amepewa hifadhi ambayo mto wake umejaa mamba! Lakini shika maneno yake ya mwisho. Fedha kwa nchi. Alilinda wanyama kwa ajili ya fedha kwa nchi, na nchi si wizara wala hoteli. Nchi ni pamoja na yule aliyelala kwenye dungu.

Na usifikiri swali hili nimelizua mimi. Mwaka 1970 vijana wa umri wako, wa TANU Youth League tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walilitupa gazetini wazi wazi: utalii huu unamnufaisha nani? Mjadala ulichemka mpaka ukawa kitabu, kilichohaririwa na Issa Shivji mwaka 1973. Vijana wale hawakuwa na simu za mkononi. Walikuwa na kalamu, na walikuwa na jeuri ya kuuliza wakati chama kilikuwa kimoja tu. Wewe mwenye vyama vingi na simu mbili mfukoni, umeuliza nini?

Najua jibu la wakubwa. Watakwambia bei kubwa ndiyo inayolinda wanyama: wageni wachache, fedha nyingi, pori halichafuki. Maneno matamu. Tuyapime kwa Selous yenyewe. Katikati ya miaka ya 1970 eneo hilo lilikadiriwa kuwa na tembo wapatao 110,000. Hesabu ya mwaka 2013 ilikuta kama 13,000 tu katika eneo hilo. Miaka yote hiyo ya mwisho kambi za dola zilikuwepo, na mashati ya kaki yalikuwepo, na tembo wakaisha mbele yao. Mwaka 2014 UNESCO ikaliweka Selous kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Meno yale hayakutoka nchini kwa baiskeli ya mwanakijiji. Yalipita barabarani, yakapita bandarini, na njia nzima hiyo ina watu wenye vyeo na mihuri.

Na ilipofika wakati wa kusaka, nani alipigwa? Oktoba 2013 ikaja Operesheni Tokomeza. Ikasitishwa mwezi uliofuata kwa sababu ya watu kuteswa, kuuawa na kunyang'anywa mali, na Desemba mawaziri wanne wakang'oka. Somo lake ni rahisi. Mwanakijiji anayeona faida ya tembo atamlinda tembo bila kulipwa posho. Mwanakijiji anayeona hasara peke yake hatakuwa shahidi wako mahakamani, hata ukimtishia bunduki.

Kisha kuna maji yenyewe. Mto unaotazamwa kutoka barazani sasa una mlango, na ufunguo wake unashikwa bwawani, kwenye mitambo ya megawati 2,115. Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti. Wakulima walilalamikia maji yaliyofunguliwa bwawani. Serikali ikasema mvua zilipita kiasi na bwawa lilipunguza makali. Sitaki kukugeuza mhandisi leo. Nasema tu kwamba kambi ya watalii huwa imefunga wakati wa masika, magodoro yamepandishwa juu, na vibarua wengi wamerudishwa makwao kungoja msimu. Dungu halifungwi masika. Masika ndiyo kazi.

Basi tufanye nini? Tuchome kambi? Hapana. Mwenye akili hachomi duka ambalo yeye ni mbia. Anadai kuonyeshwa daftari. Nakutajia manne ya kudai.

La kwanza, shilingi. Machi 2025 Serikali yenyewe ilitoa kanuni za kukataza bei za bidhaa na huduma humu nchini kutangazwa na kudaiwa kwa fedha za kigeni. Kanuni zina misamaha yake, sawa. Lakini Mtanzania akiuliza bei ya kitanda kilichoko Rufiji, ajibiwe kwa fedha ya Rufiji. Nchi gani hiyo ambayo mwenye nyumba anatajiwa bei ya sebule yake kwa fedha ya mpangaji?

La pili, kitanda cha raia. TANAPA inayo mabanda na hosteli za bei nafuu katika baadhi ya hifadhi, kwa hiyo hili si la kubuni. Tunataka vitanda vya namna hiyo kando ya Rufiji, mahali penye mto wa kuonekana, siyo nyuma ya jiko kwenye mbung'o. Mtoto wa shule ya Utete aamke asubuhi amwone kiboko bila kumwogopa, ajue kwamba naye ni wake.

La tatu, mikataba iwe wazi. Nani amepewa eneo gani kando ya mto, kwa miaka mingapi, analipa nini kwa kila mgeni kwa kila usiku, na kiasi gani kinarudi Mloka na vijiji jirani? Kule Ngarambe na Tapika wanavijiji walitenga ardhi yao kuwa eneo la jumuiya la hifadhi ya wanyamapori. Yaani kijiji cha Kinjikitile mwenyewe kimejitolea kufuga tembo wa taifa! Wana haki ya kujua hesabu mpaka senti ya mwisho. Julai 2020 mapato ya hifadhi yalianza kukusanywa na TRA na kupelekwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Fedha ikipanda kwenda juu ni lazima watu wa chini waonyeshwe ngazi ya kuirudisha.

La nne, na kwangu ndilo kubwa: kifuta machozi kitoke kwenye kitanda. Kila usiku unaouzwa kando ya mto ukatwe sehemu iwekwe kwenye mfuko wa vijiji, mfuko wenye akaunti, kamati iliyochaguliwa na hesabu zinazobandikwa kwenye mbao za matangazo. Mazao yakiliwa leo, mwenye shamba alipwe kabla ya msimu kwisha, siyo baada ya faili kuzunguka ofisi saba. Mtalii hataona tofauti kwenye bili yake. Wengi wao wakielezwa watalipa kwa moyo mmoja, maana walikuja kwa sababu wanawapenda wanyama hao.

Na wewe una la kwako. Nenda! Unachanga harusi za watu usiowajua, unasafiri mpaka Mwanza kuishangilia Simba au Yanga, halafu unasema Rufiji ni mbali. Kiingilio cha raia hifadhini kinatajwa kwa shilingi, na ni sehemu ndogo sana ya anacholipa mgeni. Jikusanyeni kumi wa kijiwe kimoja, kodini gari, laleni Mloka kwa wenyeji, ingieni asubuhi na mapema. Mkirudi jioni kaeni na wazee, waulizeni habari za dungu. Mtajifunza kwa usiku mmoja kuliko semina tano za hoteli ya nyota tano.

Neno safari ni la Kiswahili. Wageni wamelichukua wakaliweka kwenye vitabu vyao vya picha, likawa na maana ya kofia pana na darubini, na wewe mwenye lugha ukaachiwa maana ya kubanwa kwenye basi la Rangi Tatu. Usikubali. Na mgombea atakayekuja kukuomba kura akiimba kwamba mwaka 2024 tulipokea watalii zaidi ya milioni 2 kutoka nje, mpigie makofi, kisha mshike mkono umuulize taratibu: mheshimiwa, yule wa kwenye dungu alipata shilingi ngapi?

Akianza kukohoa, umeshamjua.